Barua ya wazi kwa wakuu wa manispaa yetu: rudisheni majina ya Mwezini, mtupe na ufunguo wa stoo

Kwa:
Mheshimiwa Meya,
Waheshimiwa Madiwani,
Ndugu Karani wa Manispaa,
na Wajumbe wa Kamati ya Maktaba ya Umma.

KUH: MAJINA YALIYOFUTWA KWENYE RAMANI YA MWEZI, NA DARUBINI ILIYOFUNGIWA STOO

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu za heshima kutoka kwa kikundi cha watazama anga wa mji wetu huu wa mpakani, mashariki mwa Uganda. Wengi wenu mnatufahamu kwa kazi zetu za mchana: wakala wa forodha (ndiye mimi ninayeandika), fundi cherehani, kijana wa boda boda, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, muadhini, na mama anayekaanga chapati pale kwenye maegesho ya malori. Barua zetu za awali mlizipokea kwa utaratibu, na nakala zenye mihuri ya ofisi yenu tunazo. Tuliambiwa tusubiri kikao, kikao kikaahirishwa, kisha faili ikawa kwenye meza ya mtu aliye likizo. Kwa kuwa maktaba ni mali ya umma, tumeona tuliseme jambo hili mbele ya umma.

Hatukuja kumvunjia mtu heshima. Ila yaliyotendeka tutayataja kama yalivyo.

Kwa wale ambao hawajafika maktaba siku za karibuni: ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa na ufa mrefu na madoa ya maji ya mvua. Kamati ilituruhusu kwa maandishi tuutengeneze. Tukaziba ufa, tukapiga rangi, tukachora Mwezi mzima: zile bahari zake za kijivu (ni nyanda kavu, bahari kwa jina tu), miale mirefu inayotoka kwenye kreta ya Tycho, na kreta kadhaa, yaani yale mashimo ya duara ya Mwezini, zenye majina yake rasmi. Majina hayo hatukuyatunga. Ni yale yanayotambuliwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, chombo kilichoundwa mwaka 1919 na chenye kauli ya mwisho juu ya nini kiitwe nini huko juu. Baadhi ya kreta tuliziwekea alama ya nyota ya njano. Hizo ni za wanafalaki wa ridhaa, yaani watu waliokuwa na kazi nyingine ya kuwapa riziki, wakatazama mbingu kwa mapenzi yao, hatimaye wakaandikwa Mwezini.

Shule zilipofunga, akaja fundi rangi na kopo la rangi ya krimu. Shule zilipofunguliwa, watoto walikuta Mwezi una viraka. Kila penye nyota ya njano palikuwa pamefutwa. Malalamiko yetu ni haya.

1. Majina yamefutwa kwa sababu isiyosimama

Kwa maandishi hatujapewa neno lolote. Kwa mdomo tuliambiwa kwamba waliofutwa "hawakuwa wanasayansi wa kutambulika", na kwamba watoto wanapaswa kuoneshwa wasomi. Basi, waheshimiwa, tuwapitie baadhi yao, mpate kujua ni akina nani mliowapaka rangi.

Anzeni na Palitzsch. Kiraka chake ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu rangi iliwekwa maji mengi. Ukisogea karibu, chini upande wa kulia, kando ya kreta kubwa ya Petavius, bado unasoma herufi za mwisho, "tzsch", zinachungulia chini ya krimu. Johann Georg Palitzsch alikuwa mkulima wa Prohlis, kijiji kilichokuwa nje kidogo ya mji wa Dresden, Ujerumani. Elimu ya nyota alijisomea mwenyewe. Edmond Halley alikuwa amepiga hesabu kwamba kometi, ile nyota yenye mkia, iliyoonekana mwaka 1682 ingerudi mwishoni mwa 1758. Akafa mwaka 1742 bila kuiona. Muda ulipowadia, wataalamu wa Ulaya waliisaka, kila mmoja na hesabu zake na kituo chake. Usiku wa Krismasi, tarehe 25 Desemba 1758, aliyeiona wa kwanza alikuwa yule mkulima, kwa darubini yake mwenyewe. Kometi hiyo ndiyo dunia nzima inaiita Halley. Palitzsch akapewa kreta ya kilomita 41 hivi. Mji wetu huu, nusu ya wakazi wana shamba nje ya mji. Iweje jina la mkulima ndilo lionekane kuwapotosha watoto?

Kuna Jean-Louis Pons. Mwaka 1789 aliajiriwa kuwa bawabu wa kituo cha kutazamia nyota cha Marseille, Ufaransa. Wakubwa wa pale wakamfundisha kutumia vyombo. Kuanzia mwaka 1801 hadi miaka ya 1820 bawabu huyo aligundua kometi 37, na hakuna binadamu mwingine aliyewahi kugundua nyingi kiasi hicho kwa jicho lake mwenyewe. Baadaye alipewa kuongoza kituo kizima, nchini Italia. Askari wetu wa getini alikuwa akipenda sana kuwaonesha watoto kreta ya Pons. Siku hizi anawaonesha rangi ya krimu.

Kuna Heinrich Schwabe, muuza dawa wa Dessau, Ujerumani. Kuanzia mwaka 1826 alichora madoa ya jua kila siku ambayo mawingu yalimruhusu. Alikuwa akitafuta sayari ambayo haipo. Sayari hakuipata, lakini baada ya miaka 17 ya kuchora akagundua kwamba madoa hayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takriban miaka kumi. Leo watu wa setilaiti na wa nyaya za umeme wanaufuatilia mzunguko huo kwa karibu, kwa sababu jua likichafuka mitambo yao inapata taabu.

Anayetuuma zaidi ni Mary Adela Blagg, maana bila yeye hata majina mliyoyabakiza yasingekuwa na mpangilio. Mwishoni mwa karne ya 19 ramani za Mwezi zilikuwa vurugu tupu. Kreta moja ilikuwa na majina mawili au matatu kutegemea ramani ya nani, na jina moja lilielekezwa kwenye kreta tofauti. Bibi Blagg alizaliwa mwaka 1858 na akaishi Cheadle, mji mdogo wa Uingereza. Chuo kikuu hakusoma. Hisabati alijifunza kwenye vitabu vya shule vya ndugu yake wa kiume. Akaketi na ramani za wakubwa watatu waliokuwa wakipingana, akalinganisha jina kwa jina, alama kwa alama. Orodha yake ilichapishwa mwaka 1913. Mwaka 1916 alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kupokewa katika Chama cha Kifalme cha Astronomia cha Uingereza. Na mwaka 1935, yeye pamoja na Karl Müller, mtumishi wa serikali wa Vienna ambaye naye alikuwa wa ridhaa, walitoa orodha rasmi ya kwanza ya majina ya Mwezini. Shukrani aliyopata ni kreta ya kilomita 5 tu, katikati kabisa ya uso wa Mwezi, kwenye ile ghuba ndogo ya kati.

Wanawake wenye kreta Mwezini ni wachache mno. Ukutani kwetu walikuwa wawili. Caroline Herschel mmembakiza, labda kwa kuwa mfalme wa Uingereza alimlipa mshahara. Blagg, aliyeyapanga majina ya wote, mmemfuta.

Wengine nawataja kwa haraka: Birt, Mwingereza mtazama Mwezi, Lassell mtengeneza bia wa Liverpool, Webb kasisi wa kijijini, Burnham karani wa mahakama. Huyo wa mwisho nitamrudia kwenye hoja ya pili.

Kinachotushangaza zaidi ni kipimo kilichotumika. Copernicus mmemwacha, na kreta yake ni nzuri kweli. Lakini Copernicus alikula mshahara wa kanisa. Alikuwa akisimamia mashamba na hesabu za kanisa kuu, na nyota alizitazama kwa muda wake. Plato mmemwacha, naye aliaga dunia karne nyingi kabla ya darubini kuvumbuliwa. Ibn Battuta mmemwacha, nasi tunafurahi, kwa sababu ni msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Ila alikuwa kadhi, hakuwa mwanafalaki hata kwa ridhaa. Na Hevelius mmemwacha, sijui kama kwa kujua. Johannes Hevelius alikuwa mtengeneza bia wa mji wa Gdańsk, na alikuwa diwani. Kitabu chake cha ramani za Mwezi kilitoka mwaka 1647 na kikaongoza watu kwa miaka mingi. Waheshimiwa Madiwani, huyo ni mwenzenu. Kipimo chenu mkikitumia sawasawa, naye anapakwa rangi.

2. Darubini ya umma imewekewa sharti la shahada

Darubini yenye kioo cha milimita 150 ilitolewa zawadi kwa wakazi wa mji huu, na makabidhiano yalifanyika hadharani, keki ikakatwa. Tangu hapo iko stoo. Niliiona mara ya mwisho tulipoitwa kusaidia kubeba viti vya mkutano. Imelazwa nyuma ya mifuko ya saruji, mfuniko wa mbele haupo, na manyigu wamejenga nyumba ya udongo ndani ya bomba. Nilipomulika na tochi ya simu, kioo kilikuwa na vumbi na madoa ya unyevu pembezoni. Kioo cha namna hiyo hakikuundwa kwa ajili ya kukaa stoo yenye paa linalovuja.

Jibu la ofisi lilikuwa kwamba kifaa cha kisayansi hakiwezi kuachiwa watu wasio na taaluma, na kwamba atakayekigusa awe na shahada ya fizikia. Wenye shahada hiyo mjini kwetu ni walimu wa sekondari. Tuliwauliza. Wako tayari kutushauri, lakini jioni wana madaftari ya kusahihisha, na Ijumaa wengine wanapanda matatu kwenda kwao. Kwa hiyo sharti hilo, kwa lugha nyepesi, lina maana kwamba darubini haitatoka.

Sasa tazameni. Wilhelm Beer alikuwa mwenye benki wa Berlin. Yeye na rafiki yake Johann Heinrich von Mädler walichora ramani ya Mwezi iliyotoka kati ya mwaka 1834 na 1836, na kwa miongo kadhaa hakukuwa na nyingine ya kuishinda. Lenzi ya darubini yao ilikuwa na upana wa milimita 95. Sherburne Wesley Burnham alikuwa akiandika mashauri katika mahakama za Chicago mchana, na usiku akitafuta nyota pacha, yaani nyota mbili zinazoonekana zimekaribiana sana, nyumbani kwake. Mamia ya nyota pacha aliyagundua kwa lenzi ya milimita 152. Ya kwetu ni 150. Chombo kinacholingana na kile kilichompa karani wa mahakama kreta Mwezini, kwetu kimekuwa kiota cha manyigu.

Na kama mtasema hayo ni ya Ulaya na Marekani, twendeni Biharwe, barabara ya kutoka Masaka kwenda Mbarara. Pale kuna mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520. Masimulizi ya falme za Ankole na Bunyoro yanasema jeshi la Mfalme Olimi wa Bunyoro lilikuwa likirudi na ng'ombe wa kuteka, jua likazimika mchana, askari wakakimbia na kuwaacha ng'ombe. Wanahistoria wameitumia habari hiyo kupanga miaka ya wafalme wa eneo zima. Nani aliitunza kwa karne tano? Wachungaji wa ng'ombe na wasimulizi. Hakuna aliyewadai cheti. Vivyo hivyo tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipopatwa kule Pakwach, watu walifurika kutoka kila upande, wengi wao wakulima na wanafunzi. Hamu ya kutazama juu ipo nchini hapa. Kinachokosekana mjini kwetu ni ufunguo.

3. Mwezi umeanza kugawiwa wafadhili

Katika Bahari ya Mawingu, pembeni ya lile genge (ukingo wa mwamba) refu lililonyooka ambalo hata darubini ndogo inalionesha vizuri, palikuwa na jina la Birt. Sasa pameandikwa jina la duka lililotoa rangi ya krimu. Tumesikia pia kwamba inatafutwa kreta nzuri kwa ajili ya mwanasiasa mmoja, kabla ya kampeni.

Tafadhali sana. Sheria za Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ziko wazi kwa kila mtu. Mwenye kuandikwa Mwezini awe amefariki si chini ya miaka mitatu. Wanasiasa, wanajeshi na viongozi wa dini wa kuanzia karne ya 19 hawaruhusiwi. Sheria hizo zina sababu yake, na hata kabla hazijaandikwa, mchezo huu ulikwisha kuchezwa na kushindwa. Mwaka 1645 Michael van Langren, aliyemtumikia mfalme wa Hispania, alitoa ramani aliyoijaza majina ya wafalme na wakubwa wa zama zake. Eneo la kijivu lililo kubwa kuliko yote akaliita bahari ya Mfalme Philip. Miaka sita haikupita bure: mwaka 1651 padri Giovanni Battista Riccioli wa Bologna akatoa ramani nyingine, akaweka wanafalaki mahali pa wafalme, wakiwemo Al-Battani, Thabit ibn Qurra na Al-Zarqali. Bahari ya Philip ikawa Bahari ya Tufani hadi leo. Mfalme mwenye himaya ya mabara kadhaa hakuweza kushikilia doa moja la Mwezi kwa miaka kumi. (Riccioli mwenyewe hakujisahau, alijipa kreta kubwa. Na van Langren bado anayo ya kwake. Binadamu ni binadamu.)

Mwenye duka la rangi tunamshukuru, na hatuna ugomvi naye. Anastahili kibao mlangoni. Mwezini hapana.

4. Majina ya Kiswahili nayo yamefutwa

Hili ni fupi. Bahari za Mwezi tuliziandika kwa Kiswahili: Bahari ya Utulivu, Bahari ya Mvua, Bahari ya Mawingu. Zimefutwa zote na kuandikwa kwa Kiingereza. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto wa mji huu wanakisikia sokoni na mpakani kuanzia asubuhi hadi usiku. Hatuoni kosa letu lilikuwa wapi.

Majibu tunayoyatarajia

Tunajua yatakayosemwa, maana mengi tumekwisha kuyasikia kwenye viti vya kusubiria.

Mtasema hao wa ridhaa walikuwa matajiri wa Ulaya, na sisi tusijilinganishe nao. Hilo lina ukweli wake, wala hatulikwepi. Beer alikuwa na benki nyuma yake. Bia ndiyo iliyomlipia Lassell vioo vyake. Lakini mkulima wa Prohlis na bawabu wa Marseille hawakuwa na mali hiyo. Na ikiwa kweli fedha ndiyo iliyowafungulia wengi wao njia, basi hiyo ndiyo sababu ya darubini ya umma kuwepo. Mwenye nacho atanunua yake.

Mtasema itaibiwa au itavunjika. Tutasaini kuitoa na kuirudisha, na mwalimu mstaafu amekubali kuweka dhamana. Inayovunjika kwa uhakika ni ile iliyo stoo.

Mtasema macho ya watoto yataumia. Hatari ni kuelekeza darubini kwenye jua, na hilo hatutalifanya wala kuliruhusu. Mwezi unang'aa sana kwenye kioo, utapepesa macho kidogo, lakini hauumizi.

Mtasema hakuna bajeti ya usiku. Hatuombi posho wala chai. Mwezi wa robo ya kwanza, ule unaoonekana nusu, unakuwa juu ya vichwa vyetu tangu jua linapozama, kwa hiyo saa tatu usiku watoto wako nyumbani.

Na yuko mmoja wenu aliyetuambia kwamba Mwezi hauliwi. Ni kweli. Lakini tarehe 7 Novemba 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliporushwa, tulipiga makofi wote, yeye akiwa mbele. Vijana walioiunda walikwenda kusomea Japani. Kabla ya kufika huko, kuna mahali fulani walianza kupenda anga. Na muadhini wetu ana jambo lake: kila mwaka Ramadhani ikikaribia, simu yake haipumui, watu wa pande zote mbili za mpaka wakiulizia mwandamo. Mwezi mchanga hapa kwetu kwenye ikweta umelala chali kama mtumbwi, mwembamba, na mara nyingi uko ndani ya utusitusi. Naye anasimama juu ya paa na macho matupu, ilhali darubini ya mji iko hatua chache kutoka msikitini.

Tunachoomba

Kwanza, majina yote yaliyofutwa yarudishwe, ya kreta na ya bahari. Rangi tutanunua wenyewe na kazi tutafanya wenyewe. Kamati iteue mtu wa kulinganisha kila jina na orodha rasmi kabla brashi haijagusa ukuta.

Pili, jina la duka liondolewe kwenye Bahari ya Mawingu, na isiandikwe kreta yoyote ya mtu aliye hai, awe nani.

Tatu, sharti la shahada liondolewe. Badala yake walimu wa fizikia wa mjini watupe mafunzo na watupime. Atakayefaulu aandikwe kwenye daftari la maktaba kuwa mwenye ruhusa.

Nne, uwanja wa maktaba ufunguliwe jioni mbili kila mwezi, siku za karibu na robo ya kwanza, saa moja hadi saa tatu usiku. Msitupangie siku ya mwezi mpevu kwa kudhani ndiyo bora. Siku hiyo mwanga unaupiga Mwezi usoni moja kwa moja, vivuli havipo, na kreta nyingi hazionekani. Robo ya kwanza, pale mwanga unapopakana na giza, kingo zinasimama wazi kabisa, na mtoto anaona mwenyewe kuwa ni shimo.

Tano, tujibiwe kwa maandishi kabla ya kikao kijacho cha baraza. Tusipojibiwa tutahudhuria kikao hicho kama wakazi, tukiwa na picha za ukuta zilizopigwa kabla na baada.

Na kuna dogo ambalo halihitaji kikao. Mvua za Machi haziko mbali, na paa la stoo linavuja upande ule ule ilipo darubini. Tunaomba wiki hii mtu aihamishie ofisini, aisimamishe, mdomo wake ukitazama chini, aifunike kwa kitambaa safi. Asikifute kioo kwa kanga wala kwa karatasi, atakichubua. Manyigu awaachie sisi. Mama wa chapati ameshona mfuko wa kuifunika, na umekwisha kuachwa kwa askari wa getini.

Wenu katika kuujenga mji,

Katibu,
kwa niaba ya kikundi cha watazama anga wa mjini

Nakala:
Wazazi wa shule za msingi za mjini
Walimu wa fizikia wa shule za sekondari
Ubao wa matangazo, maktaba ya umma